Pipa Namba Thelathini na Moja

Katika daftari la ghala imeandikwa kwamba pipa namba thelathini na moja lilitobolewa matundu manne tarehe 28 Februari 1951, saa mbili asubuhi. Mwandiko ni wa Hezekia Rafaeli, karani wa vipimo. Ni mwandiko mzuri, wa shule ya misheni ya Mamboya, na wino haukuchuruzika popote. Pipa hilo halikutobolewa.

Ghala lilikuwa la kampuni ya uchukuzi, nyuma ya stesheni ya Kilosa, upande ambako mabehewa ya katani yalisubiri kuvutwa. Humo zilipita bidhaa za kila aina, lakini kazi ya Hezekia ilikuwa moja: dawa ya visiki. Ilikuwa sumu ya maji, nzito kidogo, isiyo na harufu, yenye aseniki ndani yake. Mashamba ya mkonge yaliitumia yalipofungua kitalu kipya, na wajenzi wa barabara ya Mikumi waliipaka miti mikubwa iliyowashinda kwa shoka. Ilikuja kwa treni katika mapipa ya chuma ya galoni kumi, kisha ikaendelea kwa lori. Kwa kuwa barabara ya Mikumi ilikuwa mashimo matupu, kila pipa lilipimwa upya Kilosa kabla ya kupakiwa.

Kanuni zilibandikwa ukutani, kurasa mbili. Pipa lisijazwe hadi juu. Iachwe nafasi ya vidole vitatu, maana joto huvimbisha maji, na maji yakikosa nafasi hupasua chombo. Pipa lisimamishwe kichwa chini juu ya majivu yaliyochekechwa kwa saa ishirini na nne kamili. Likionekana tone moja juu ya majivu, pipa limeshindwa. Katika kila mapipa kumi matupu, moja lijazwe maji na kuangushwa sakafuni kutoka kimo cha futi nne. Pipa lililoshindwa lihamishwe sumu yake, lioshwe mara tatu kwa magadi, kisha litobolewe kwa sururu matundu manne na kuzikwa. Kanuni ilitoa hata sababu: kuosha peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji hayafiki ndani ya mkunjo wa mshono.

Hezekia alizijua kurasa hizo mbili bila kuzitazama. Katika miaka minne hakuwahi kupunguza hata nusu saa. Madereva wa Mikumi, waliochoka kumsubiri, walimwita Bwana Majivu.

Kiongozi wa makuli wa ghala alikuwa Mathias, Mnyamwezi wa upande wa Tabora, mtu mpana, mwenye sauti ya kusikika hadi stesheni. Hakunyanyua pipa kabla ya kulipiga kofi mara mbili na kusikiliza. Yeye na Hezekia walikuwa watani, kama walivyokuwa Wanyamwezi na Wakaguru wote tangu enzi za misafara. Mtani humtukana mtani mbele za watu, humvua kofia, hula chakula chake bila kuomba. Akikuchukulia kitu huwezi kukidai wala kumshtaki. Anayedai ameuvunja utani, na hakuna upande utakaomheshimu tena. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye huchimba kaburi.

Tarehe 27 Februari, jioni makuli walipokuwa wakinawa, Mathias alisimama mbele ya pipa namba thelathini na moja. Lilikuwa limeshindwa juu ya majivu, limehamishwa sumu yake, limeoshwa mara tatu. Lilisubiri sururu, ambayo siku hiyo ilikuwa imeazimwa na watu wa reli.

"Mkaguru," aliita, "pipa hili limekosa nini?"

"Linavuja mshononi."

"Hata wewe unavuja puani mwaka mzima, mbona hatukutoboi?"

Makuli walicheka. Hezekia aliendelea kuandika. "Liache hapo. Lilikuwa na maji ya visiki. Kesho linazikwa."

"Kuzika chombo kizima! Ndugu zangu, mmesikia? Hawa watu babu zao waliwatoza babu zetu hongo ya vitambaa na shanga ili tu wapite na pembe zao za ndovu. Wakatutoza kunywa maji. Wakatutoza kivuli. Leo nimekuja kudai." Alilipiga pipa kofi mara mbili, akalitia kichwani. "Hongo yetu hii."

"Mathias, nasema kweli. Ni sumu."

"Siku Mkaguru atakaposema kweli, padre atanibatiza upya!"

Aliondoka nalo akiimba, na makuli wakamfuata wakiitikia.

Hezekia alisimama mlangoni mpaka wimbo ulipopotea upande wa kambi. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumweleza meneja, na meneja angeuita wizi. Mathias angefukuzwa kazi, na Hezekia angekuwa Mkaguru aliyempeleka mtani wake kwa mzungu. Ya pili ilikuwa kwenda kambini kulidai pipa mbele ya watu. Alizipima zote mbili akaziona nzito. Kisha akajiambia kwamba limeoshwa mara tatu, kwamba linavuja na kwa hiyo halitawafaa kwa maji, kwamba pengine litakaliwa kama kiti. Asubuhi, sururu iliporudi, alifungua daftari na kuandika kilichopaswa kuwa kimefanyika.

Kambini, Mathias alikata kifuniko kwa tindo, akaziba mshono kwa lami. Mkewe, Paulina, alilisugua pipa kwa mchanga, akalifukiza moshi, akaliacha juani siku tisa. Kisha akapika pombe ya mtama. Ilichachuka humo siku tatu.

Jumapili ya tarehe 11 Machi wanaume wanne waliketi kunywa. Desturi yao ilitaka mpikaji aonje kwanza mbele ya wageni. Paulina hakuonja. Ilikuwa Kwaresima, naye alikuwa ameweka nadhiri ya kutogusa pombe mpaka Pasaka. Mathias, ambaye Kwaresima yake ilikuwa imedumu siku mbili, aliwaambia wenzake, "Mwacheni mtakatifu. Nitaonja mimi kwa niaba yake." Alikuwa wa kwanza kunywa na wa mwisho kuacha.

Usiku huo wote wanne walitapika. Watatu walipona. Mathias alifariki hospitalini Jumanne, na daktari akatoa sehemu ya tumbo lake, akaitia chupani na kuipeleka Dar es Salaam kwa mkemia wa serikali.

Alizikwa Jumatano, tarehe 14. Hezekia alichimba kaburi pamoja na Wakaguru wengine wawili. Kazi ya watani msibani si kuchimba tu. Walitakiwa kumtania marehemu, kulala ndani ya kaburi na kudai kwamba limewafaa wao zaidi, kuwazuia wenye msiba wasizame katika kilio. Wenzake walifanya hivyo. Mmoja alipiga kelele shimoni, "Mathias, amka, lori la Mikumi limefika!" na wanawake wazee wakacheka huku wakilia. Hezekia alichimba tu.

"Huyu Mkaguru wetu leo vipi?" aliuliza mwanamke mmoja. "Ulimi ameuacha ofisini?"

Hezekia alikuwa ameliona pipa. Lilikuwa karibu na mlango wa nyumba, mashapo ya pombe yamekaukia ndani yake, na namba 31 nyeupe ikisomeka vizuri ubavuni. Alijua papo hapo. Hakuhitaji mkemia. Pombe ni chachu, na chachu huingia pale ambapo maji hayafiki.

Baada ya mazishi watani walipaswa kupewa kitu cha marehemu. Kornelio, nyapara wa kambi na mkubwa wa Wanyamwezi pale, alitazama vyombo vilivyotolewa nje, akanyoosha mkono.

"Karani achukue pipa. Marehemu alisema kila siku, 'Hili nimemnyang'anya Mkaguru, akitaka anizike ndipo alipate.' Haya. Umemzika."

Watu walicheka tena. Hezekia alilitia pipa kichwani na kutembea nalo maili mbili hadi nyumbani kwake, akipita mbele ya stesheni.

Kesho yake, tarehe 15, askari walimchukua Paulina. Mashtaka hayakuwa magumu kuelewa. Alipika yeye, hakuonja yeye, na mumewe amekufa. Alifungiwa mahabusu ya boma, na kambi nzima ikajua kwamba kesi ikienda Morogoro, mwisho wake ni kamba.

Hezekia aliliweka pipa nyuma ya nyumba, juu ya mawe mawili. Hakulitumia na hakulitoboa. Siku ya tatu, akila chakula cha mchana, alisikia likipigwa mara mbili, kama kwa kiganja cha mkono mpana.

Alitoka kutazama. Hapakuwa na mtu. Alirudi ndani, akatazama saa: saa nane na dakika kumi. Alilitafutia sababu na akaipata upesi. Kitako cha pipa kilikuwa kimebonyea safarini. Jua likikipata bati huvimba, pale palipobonyea pakafyatuka, na kivuli kikija pakarudi. Kwa hiyo milio miwili. Alifurahi kuwa na sababu. Hata hivyo kesho yake alikuja na kipimajoto cha ghala, akaanza kuandika kwenye karatasi: tarehe, saa, digrii za Farenhaiti, milio. Tarehe 18, digrii tisini na moja, miwili. Tarehe 19, digrii themanini na tisa, miwili. Tarehe 21, mawingu, digrii themanini, hakuna.

Jambo lilikaa sawa na hesabu zake kwa siku kumi na moja. Tarehe 29, Alhamisi baada ya Pasaka, mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri. Kipimajoto kilisimama kwenye digrii sabini na mbili na hakikusogea. Saa nane na dakika kumi pipa lililia mara mbili. Hezekia alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo, amejifunika gunia, anatazama. Hakuna kilicholigusa. Aliandika saa na digrii. Katika nafasi ya sababu aliandika: *haijulikani*.

Tangu siku hiyo hakula tena nyumbani mchana. Ghalani, kuli yeyote alipopiga pipa kwa kiganja, kalamu yake ilisimama.

Jumatatu, tarehe 2 Aprili, Bwana Shauri, ofisa wa wilaya pale boma, alikuja ghalani. Alikuwa Mwingereza kijana aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akitamka kila silabi. Mkononi alikuwa na barua ya mkemia.

"Aseniki," alisema. "Nyingi. Mnayo hapa?"

"Ndiyo, bwana. Dawa ya visiki."

"Marehemu alifanya kazi hapa. Je, iliwahi kupotea?"

Hezekia alimwonyesha daftari. Bwana Shauri alifuata mistari kwa kidole: galoni zilizoingia, galoni zilizotoka, zinalingana hadi robo. Mapipa yaliyoshindwa yalikuwa saba tangu mwaka uanze, yote yametobolewa.

"Yote saba yalitobolewa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bwana."

"Daftari zuri sana. Ningependa makarani wangu wote wawe hivi." Alilifunga. "Basi, kama sumu haikutoka kwa ajali, ilitiwa kwa mkono wa mtu. Yule mwanamke aliipata mahali pengine, dukani pengine. Alhamisi tunampeleka Morogoro kwa treni."

"Huko atanyongwa, bwana?"

"Huko jaji ataamua. Lakini kwa ushahidi huu…" Aliinua mabega. "Daftari lako litakwenda pamoja naye. Uliandae."

Kwa hiyo Hezekia alijua. Mstari mmoja alioandika ili asimwaibishe mtani ndio ungemnyonga mke wa mtani. Ulikuwa umebaki muda wa siku tatu.

Jumanne alirudi nyumbani mapema, mvua ikinyesha kwa nguvu. Pipa halikuwa juu ya mawe. Mkewe, Costancia, alikuwa amelisogeza chini ya makali ya bati, na lilikuwa limejaa hadi nusu. Jikoni chungu cha maharage kilichemka.

"Maji ya maharage umetoa wapi?"

"Karibu kwanza, baba Perpetua. Unaingia kama askari."

"Maji umetoa wapi?"

"Kwenye pipa lako la urithi. Mvua inamwagika bure tangu wiki iliyopita, nawe umeliweka kama sanamu…"

Alikipiga chungu teke. Maharage yalimwagika juu ya moto na jiko likajaa mvuke. Costancia alirudi nyuma hadi ukutani. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kumwona akimwaga hata chai.

"Umeonja?"

"Bado. Hezekia, kuna nini?"

Alimwambia yote, kwa mpangilio, kuanzia tarehe 27 Februari. Costancia alisikiliza ameketi kwenye kigoda, mikono imeshika magoti. Alikuwa binti wa mwalimu, na alipojibu alijibu kama anayefunga hesabu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Meneja akijua?"

"Nitafungwa. Kazi imekwisha."

"Na ada ya Perpetua imekwisha, na nyumba hii ni ya kampuni." "Daftari linasema limetobolewa. Basi litoboe. Sasa hivi. Lizike nyuma ya choo. Daftari litakuwa limesema kweli, ila limetangulia mwezi mmoja tu."

"Na Paulina?"

"Paulina simjui," alisema Costancia, na akaanza kuokota maharage majivuni, moja moja, ingawa hakuna ambaye angeyala.

Hezekia alikwenda ghalani, akarudi na sururu. Alimwaga nusu ya maji na kuliinamisha pipa ili aone kitako. Ndani, pembezoni pa mshono, palikuwa na ukoko mweupe mwembamba kama chumvi kwenye kola ya shati. Alikuwa hajawahi kuuona. Alikuwa hajawahi kuangalia ndani. Aliweka ncha ya sururu mahali kanuni iliposema, inchi mbili kutoka ukingoni, na mkono wake wa kushoto akauweka ubavuni kulizuia pipa lisiteleze.

Pipa lilipigwa mara mbili. Safari hii hakulisikia tu. Alilihisi kwenye kiganja, kutoka ndani. Mvua ilikuwa baridi, bati lilikuwa baridi, na saa ilikuwa kumi na moja kasoro robo.

Baadaye mahakamani aliulizwa kwa nini hakutoboa. Alijibu kwamba maji yaliyobaki pipani yalikuwa kielelezo, na kielelezo hakimwagwi. Jibu hilo ni la kweli. Hakuulizwa kuhusu mlio, naye hakuutaja.

Aliweka sururu chini. Aliingia ndani akachukua chupa ya dawa iliyokwisha, akaichemsha, akaikausha. Alijaza maji ya pipa na kuacha nafasi ya kidole kimoja, kwa kuwa chupa ilikuwa ndogo. Aliziba kwa kizibo kipya, akayeyusha nta juu yake, akaisimamisha kichwa chini juu ya majivu aliyoyachekecha kwa chujio la chai la Costancia. Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano jioni. Aliandika saa hiyo.

Costancia alisimama mlangoni akimtazama.

"Mtu anakwenda gerezani," alisema, "na bado anachekecha majivu."

Jumatano asubuhi alikuwa boma kabla ofisi hazijafunguliwa, pipa kichwani limefunikwa gunia, chupa imeinamishwa ndani ya kopo la majivu mkononi, na daftari kwapani. Bwana Shauri alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Uso wake ulikuwa mwekundu tangu shingoni.

"Daftari zuri," alisema. "Mungu wangu. Nililisifu." Aliinuka. "Treni ya Dar inapita leo mchana. Nipe chupa hiyo iende."

"Haiwezi kwenda, bwana. Zimebaki saa kumi na moja kasoro dakika tano."

"Nini?"

"Ni sumu ya maji. Inapaswa kusimama saa ishirini na nne. Ikivuja njiani kielelezo kitapungua, na itachafua magunia ya watu. Behewa lile linabeba unga."

Bwana Shauri aliegemea meza kwa mikono miwili. "Wewe? Wewe uliyeandika uongo kwenye kitabu hiki, ukamwacha mwanamke akae mahabusu, leo ndiyo umekumbuka saa ishirini na nne?"

"Ndiyo, bwana."

Askari aliyekuwa mlangoni alitazama sakafu. Bwana Shauri alikaa tena. Alivuta karatasi, akaandika amri kwamba safari ya mshtakiwa kwenda Morogoro isimame. Kisha akamwambia askari amchukue karani, na kopo la majivu libaki mezani pale, asiliguse mtu.

Chupa ilikaguliwa saa moja kasoro dakika tano jioni. Majivu yalikuwa makavu. Ikafungwa ndani ya bati lenye vumbi la mbao, ikaandikwa kwa rangi nyekundu, ikaondoka na treni ya Alhamisi. Jibu la mkemia lilifika tarehe 14 Aprili: aseniki, ya aina ileile. Ukoko wa ndani ya pipa, uliokwanguliwa na daktari, ulitoa jibu hilohilo.

Paulina aliachiwa Jumatatu, tarehe 16. Siku hiyo Hezekia aliketi kwenye benchi la nje ya ofisi, askari pembeni yake, akisubiri kusomewa mashtaka yake mwenyewe: kuandika taarifa ya uongo, na uzembe uliosababisha kifo. Alimwona akitoka, amejifunga kanga iliyopauka, kifurushi mkononi. Alikuwa amekonda. Kornelio na wanawake watatu wa kambi walimngoja langoni, lakini yeye aligeuka akaja kwenye benchi.

Hezekia alijiandaa. Mwanamke huyu alikuwa mtani wake kama mumewe alivyokuwa. Kila mara alipomletea Mathias chakula alimtukana karani mpaka mbavu zikamuuma kwa kicheko: mla panya, mwizi wa shanga, shingo ya kuku. Sasa alikuwa na haki ya kusema lolote, mbele ya askari, mbele ya mzungu, na hakuna ambaye angemzuia. Hezekia alilitamani tusi hilo. Lingekuwa zito, lakini lingetoka kwa mtani.

Paulina alisimama mbele yake, miguu pamoja.

"Bwana karani," alisema, "naomba kuuliza jambo."

"Uliza."

"Ulijua lini?"

Angeweza kusema lolote. Hakukuwa na daftari la jambo hilo.

"Siku ya mazishi. Tarehe kumi na nne. Nililiona pipa mlangoni."

"Mimi walinichukua kesho yake."

"Ndiyo."

"Ukasema lini?"

"Tarehe nne, mwezi wa nne."

Alimwona akihesabu, midomo ikitembea bila sauti, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja baada ya kingine.

"Siku ishirini," alisema. "Na Pasaka ilikuwa humo."

"Ndiyo."

Hezekia alilingoja tusi. Langoni Kornelio alikuwa amevua kofia. Paulina alishusha kifurushi chini, akapiga goti kidogo, kama watu wapigavyo mbele ya meza ya ofisi.

"Asante kwa kusema kweli, bwana. Shikamoo."

Mtani hamwamkii mtani hivyo. Hapajawahi kuwa na shikamoo baina ya watu wao, tangu wakati wa pembe na shanga. Askari aligeuka kumtazama Hezekia, akingoja aitikie.

"Marahaba," alisema Hezekia, kwa kuwa salamu hiyo haina jibu jingine.

Paulina alichukua kifurushi chake akaenda. Kwa mujibu wa maelezo yake yaliyosomwa pamoja na mashtaka alasiri hiyo, alikuwa amemzidi karani umri kwa miaka mitatu.